TEKSI NA APU: USHINDANI WA HAKI NI UPI?

Somo la kujadiliana katika vikundi



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuweka daftari la kikundi, na pia namna ya kutoa mikopo bila kugombana. Somo hili linaendelea na mambo hayo hayo, ila safari hii tunakwenda mpaka mjini. Najua, mmoja wenu atauliza: "Sisi ni watu wa shamba, teksi za Nairobi zinatuhusu nini?" Hata sisi tulikuwa tunafikiri hivyo, mpaka siku tulipoitwa na kikundi kimoja.

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze:
1. Kueleza kwa maneno yao wenyewe maana ya ushindani wa haki.
2. Kupiga hesabu ya kweli ya gari au pikipiki iliyo katika apu.
3. Kujua ni ofisi gani inahusika na nini, na sauti ya mwananchi inaingilia wapi.

Muda: saa mbili. Vifaa: karatasi kubwa, kalamu nene, na daftari la kikundi. Mwelekezi asome somo lote nyumbani kwanza.

KISA CHA KUANZIA

Kikundi tulichotaja ni cha akina mama ishirini na wawili. Kwa miaka sita wamekuwa wakiweka akiba kidogo kidogo: pesa ya mayai, ya sukuma wiki, ya vibarua. Mama mmoja aliomba mkopo mkubwa ili kijana wake apate malipo ya kwanza ya gari. Gari lingeingia kwenye apu mjini, yaani ile programu ya simu ambayo abiria anaitumia kuita gari. Kijana mwenyewe alikuja mkutanoni na karatasi yake. Safari kumi kwa siku, shilingi 400 kila safari, hiyo ni 4,000 kwa siku. Siku 26 kwa mwezi ni 104,000. Akina mama walipiga makofi. Wakampa 180,000, karibu akiba yote ya kikundi.

Mwezi wa tano marejesho yakasimama. Maneno yakaanza: ati kijana ni mlevi, ati ameoa kule mjini na kusahau nyumbani. Mama yake akaacha kuja mikutanoni kwa aibu. Mwenyekiti alipotuita, tulimwomba kijana aje na simu yake pamoja na risiti zake. Tulikaa naye chini ya mti kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Hakuwa mlevi. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku, na siku nyingine alilala ndani ya gari. Safari kumi alizipata kweli. Hesabu yake ndiyo ilikuwa nusu.

Na hapa lazima tukiri kosa letu. Ni sisi tuliosaidia kikundi kujaza fomu za mkopo ule. Tuliona ile 4,000 na tukafurahi pamoja nao. Hatukuuliza swali hata moja juu ya matumizi.

Mwelekezi: simama hapa. Uliza kikundi: Ninyi mngempa? Mngeuliza nini kwanza?

TUONE: MAMBO YALIYOTOKEA NAIROBI

Zamani teksi ya Nairobi ilijulikana kwa mstari wa njano ubavuni na steji yake. Dereva alilipia leseni ya kubeba abiria, bima ya gari la abiria, na ada ya maegesho kwa mji. Nauli ilikuwa ya kupatana. Akikuona umevaa vizuri bei inapanda, na mvua ikinyesha inapanda tena. Mama mjamzito saa saba za usiku hakuwa na nguvu ya kubishana. Tusizisifu sana teksi za zamani. Abiria wengi walilia.

Januari 2015 kampuni ya Uber ilianza kazi Nairobi. Mwaka 2016 ikafuatwa na Taxify, ambayo leo inaitwa Bolt, na Little, iliyoanzishwa na kampuni ya hapa Kenya kwa kushirikiana na Safaricom. Abiria alipenda. Bei anaiona kabla ya kupanda, jina la dereva analijua, na safari inabaki kwenye kumbukumbu za simu. Wengi waliokuwa hawapandi teksi kabisa walianza kupanda. Vijana wengi wakapata kazi.

Wenye teksi za njano nao walilia. Walisema: "Sisi tunalipa ada hizi zote, hawa wanaingia bure na kuchukua wateja wetu." Mapema 2016 hasira ikageuka vita. Madereva wa apu walipigwa na magari yakachomwa. Kijana maskini akamchomea kijana maskini mwenzake gari la mkopo. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, lakini safari hii hata tembo hawakuwapo uwanjani, nyasi zilipigana zenyewe.

Kisha kampuni zikaanza kushindana zenyewe kwa zenyewe. Julai 2016 Uber ilipunguza nauli za Nairobi kwa kama thuluthi moja. Abiria akashangilia. Dereva aliyekuwa amekopa gari kwa hesabu ya nauli ya zamani akabaki na deni lile lile. Mapema 2017 madereva waligoma na nauli ikapandishwa kidogo. Julai 2018 wakagoma tena. Kwa hiyo wale waliolalamikiwa mwanzo na teksi za njano sasa walikuwa barabarani wakilalamika wao.

HESABU YA SIKU MOJA

Hebu tuandike ile hesabu ambayo sisi hatukuiandika wakati ule. Mwelekezi, iandike kwenye karatasi kubwa, kila mtu aone. Bei tulizotumia ni za mfano tu. Kikundi kiweke bei za kwao.

Nauli, safari 10 za shilingi 400: 4,000
Toa kamisheni ya kampuni, 18%: 720. Inabaki 3,280
Toa petroli. Kila safari gari linatembea kilomita 8 na abiria, na kilomita 4 tupu kumfuata. Jumla kilomita 120. Lita moja inakwenda kilomita 12, kwa hiyo lita 10 za shilingi 180: 1,800. Inabaki 1,480
Toa chakula, bando la simu, maegesho na kuosha gari: 400. Inabaki 1,080
Weka kando bima, sevisi na tairi: 450. Inabaki 630
Toa marejesho: 20,000 kwa mwezi kwa waliomkopesha gari na 6,000 kwa kikundi, jumla 26,000. Ukigawa kwa siku 26 ni 1,000 kila siku.

Jibu: hasara ya shilingi 370 kila siku. Na hapo dereva bado hajajilipa hata senti, hajalipa nyumba, hajatuma kitu kwa mama. Kijana wetu alikuwa akiziba shimo hilo kwa kuacha sevisi, kwa kula mara moja, na kwa kukopa kwenye simu.

Sasa fanyeni majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: nauli ipande kwa shilingi 50 tu, kutoka 400 hadi 450. Nauli ya siku inakuwa 4,500, kamisheni 810, inabaki 3,690. Toa matumizi yale yale. Hasara ya 370 inageuka kuwa faida ya shilingi 40. Kumbe hatima ya akiba ya akina mama ishirini na wawili ilikuwa ndani ya shilingi hamsini.

Jaribio la pili: kampuni ishushe nauli hadi 300 na kusema, "Usijali, wateja wataongezeka." Tuseme wanaongezeka kweli, safari zinakuwa 14. Nauli ni 4,200. Kamisheni ya kampuni ni 756, yaani imepanda kutoka 720. Lakini sasa gari linatembea kilomita 168 na kunywa lita 14, ambazo ni shilingi 2,520. Baada ya kamisheni na petroli dereva anabaki na 924. Mwanzo alibaki na 1,480.

Angalieni vizuri mistari hiyo miwili. Nauli imeshuka, kampuni imeongeza mapato, dereva amefanya kazi zaidi na kupata kidogo. Si lazima kampuni iwe na roho mbaya. Kampuni hainunui petroli wala tairi, basi. Anayepanga bei si yule anayelipa gharama, na hapo ndipo taabu nyingi za biashara hii zinapoanzia.

TUPIME: USHINDANI WA HAKI NI NINI?

Watu wengine hufikiri ushindani ni ubaya. Sivyo. Sokoni wakiwa mama wawili wa nyanya, wewe mnunuzi unapata nyanya nzuri kwa bei nzuri. Akiwa mmoja peke yake, utanunua hata zilizooza. Apu zilileta ushindani pale ambapo steji zilikuwa zimelala. Hilo ni jema.

Lakini kumbukeni habari ya maziwa. Mchuuzi anakuja langoni kwako na kukupa shilingi tano zaidi ya chama cha ushirika. Wewe unafurahi, jirani anafurahi, wote mnaacha kupeleka chamani. Chama kinakufa. Mwaka unaofuata mchuuzi ni yule yule ila bei imeshuka, na huna pa kwenda. Ile shilingi tano haikuwa zawadi. Ilikuwa pesa ya kununua njia.

Kwa hiyo sisi tunapima ushindani kwa mambo manne.

Kwanza, mizigo iwe sawa. Wawili wanaofanya kazi moja wabebe mzigo unaofanana: leseni, ukaguzi wa gari, bima ya abiria, kodi. Kama mmoja anabeba gunia na mwingine anakimbia mikono mitupu, hayo si mashindano. Na mkono wa pili wa jambo hili: kama mzigo wa zamani hauna maana tena, basi upunguzwe kwa wote. Haki si lazima iwe kumwongezea mgeni. Inaweza kuwa kumpunguzia mwenyeji.

Pili, bei iwe ya kweli. Mwenye mfuko mkubwa anaweza kuuza kwa hasara mwaka mzima mpaka wenzake wafunge. Baadaye anapandisha. Abiria anayefurahia nauli ya bure leo aulize nani anailipa.

Tatu, kazi iwe na jina lake. Kampuni nyingi husema dereva si mfanyakazi wake, ni mfanyabiashara anayejitegemea. Sawa. Lakini mfanyabiashara hupanga bei yake mwenyewe. Mama wa nyanya haambiwi na mtu auze kwa ngapi. Na kama dereva anapangiwa bei, anapimwa kwa nyota na anafungiwa akikataa safari, basi huyo anafanana zaidi na mtu aliyeajiriwa, na mwajiriwa ana haki zake. Mtu asiwe mfanyabiashara siku ya hasara na kuwa mwajiriwa siku ya amri.

Nne, kuwe na mahali pa kusikilizwa. Steji ina mwenyekiti, ukikosewa unakwenda kwake. Dereva wa apu akifungiwa simu saa mbili usiku kwa lalamiko la abiria asiyemjua, anamwendea nani? Kijana wetu alifungiwa siku tisa. Alijibiwa na mashine.

Na tuwe wakweli upande wa pili. Steji nazo zina dhambi zao. Kuna steji za teksi na za boda boda zinazomtoza kijana mgeni ada kubwa ya kuingia, na akikataa anapigwa. Kuna steji zinazokaa na kupatana bei ya juu ili abiria asiwe na pa kukimbilia. Tukidai haki kwa kampuni kubwa, tuifanye pia kwetu.

WENGINE WALIFANYAJE?

London. Huko teksi nyeusi peke yake ndizo zinazoruhusiwa kuchukua abiria anayepunga mkono barabarani, na dereva wake lazima afaulu mtihani mgumu wa kuzijua barabara za mji. Magari mengine, hata ya apu, lazima yaitwe kabla. Yaani mwenye mzigo mkubwa amepewa pia haki ya pekee. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa chini na likizo ya malipo. Sababu moja ya mahakama ilikuwa hiyo tuliyosema: bei ilipangwa na kampuni.

Barcelona. Chama cha wenye teksi cha mji huo kilikwenda mahakamani. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba huduma kama ile ya Uber ni huduma ya usafiri, si programu ya simu tu, kwa hiyo serikali zinaweza kuiwekea sheria za usafiri.

New York. Hapa tusome polepole, kwa sababu panahusu mikopo. Kwa miaka mingi mji huo ulitoa vibali vichache tu vya teksi za njano. Kwa kuwa vilikuwa vichache bei yake ilipanda, na mwaka 2014 kibali kimoja kilizidi dola milioni moja. Madereva, wengi wao wageni waliotoka nchi maskini, walikopa ili kununua kibali. Wakopeshaji walisema bei haiwezi kushuka. Apu zikaingia, magari yakawa mengi, na kufikia 2018 bei ya kibali ilikuwa imeanguka chini ya dola 200,000. Deni halikuanguka. Mwaka huo madereva kadhaa walijiua. Agosti 2018 mji ukasimamisha kwa muda leseni mpya za magari ya apu, na kuanzia 2019 ukaweka malipo ya chini kabisa kwa dereva, dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Mwaka 2021, baada ya madereva kugoma kula, mji ukakubali kusaidia kupunguza madeni yao. Makosa yalikuwa mawili: mji uliacha bei ya kibali ipande kama puto, kisha ukafungua mlango bila mpango.

Tanzania. Jirani zetu kupitia mamlaka ya LATRA waliweka mwaka 2022 kikomo cha kamisheni cha 15%. Aprili 2022 Uber ikasimamisha huduma ikisema haiwezi kufanya kazi hivyo. Mwisho wa mwaka huo kikomo kikaregezwa hadi 25%, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarudi. Fundisho: serikali ikivuta kamba sana mwenye apu anaondoka, na dereva anabaki na gari bila wateja. Ikilegeza sana dereva anabaki na wateja bila pesa. Kamba inahitaji mkono wenye hesabu.

KWETU KENYA SHERIA ZINASEMAJE?

Juni 2022 serikali ilitangaza kanuni za kampuni za usafiri wa apu, chini ya mamlaka ya NTSA. Kanuni hizo zinataka kampuni iwe na leseni, na ziliweka kikomo cha kamisheni: isizidi 18% ya nauli. Hapo kabla kampuni nyingine zilikuwa zikikata hadi 25%. Katika hesabu yetu ya juu, tofauti ya 18% na 25% ni shilingi 280 kwa siku, yaani 7,280 kwa mwezi. Hiyo ni karo. Uber ilikwenda mahakamani kupinga kanuni hizo. Oktoba 2023 NTSA ilikataa kwanza kuongeza leseni ya Bolt mpaka malalamiko ya madereva na abiria yashughulikiwe. Lalamiko moja lilikuwa kwamba juu ya kamisheni kulikuwa na makato mengine ya asilimia tano. Mwenye daftari aelewe: ukifunga mlango wa kamisheni, angalia dirisha la "ada".

Kikomo cha kamisheni ni kizuri, lakini mmeona wenyewe kwamba hakikutosha. Kilichomwangusha kijana wetu ni nauli. Mwaka 2024 madereva wengi wa Nairobi walichapisha orodha zao za bei na kuzionyesha abiria, wakikataa nauli ya simu. Kampuni ziliwaonya. Abiria naye akabaki katikati, ameahidiwa bei moja na kuombwa nyingine. Tuliwahurumia madereva, lakini bei ya kulazimishana ndani ya gari inarudisha ubaya ule ule wa zamani. Njia bora ni nauli ya chini kwa kila kilomita, iliyopigwa hesabu wazi kwa petroli, bima na matengenezo, ambayo hakuna kampuni inayoruhusiwa kwenda chini yake. Juu ya hapo washindane wanavyotaka. Abiria atalipa zaidi kidogo, hilo tusimfiche. Lakini atapanda gari lenye breki.

Iko pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inayosimamiwa na Mamlaka ya Ushindani. Inakataza washindani kukaa pamoja na kupanga bei, na inamkataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya. Kumbukeni kwamba sheria hii inaangalia pande zote, kampuni na pia wenye steji.

Na nani anahusika na nini? Leseni za kampuni, magari na madereva ni za NTSA. Maegesho, steji na usafiri wa umma ndani ya kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ukipeleka shida ya steji NTSA utazungushwa, na ukipeleka ya kamisheni kaunti utazungushwa vile vile.

TUTENDE: KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Kabla ya kutoa mkopo wa gari au pikipiki, pigeni hesabu ya siku moja kama tuliyoonyesha. Mwombaji asimame mbele na kuiandika mwenyewe. Asiyejua kilomita anazotembea tupu bado hajawa tayari.

2. Kama tayari yuko kwenye apu, aonyeshe mapato ya miezi mitatu kutoka simu yake na risiti za petroli za miezi hiyo hiyo. Mwezi mmoja haitoshi. Desemba ni tamu, Januari ni chungu.

3. Mpimeni kwa nauli ya chini. Ulizeni: nauli ikishuka kwa robo, atalipa bado? Maana bei haiko mikononi mwake.

4. Kikundi kisiweke zaidi ya robo ya akiba kwa mtu mmoja. Wale akina mama sasa wameandika hivyo katika katiba yao.

5. Wenye boda boda, apu zimefika miji mingi na zitakuja kwenu. Ikija kampuni kuandikisha vijana, steji iulize maswali haya kabla ya kutia sahihi: Mnakata kiasi gani, na kuna ada gani nyingine? Nani anapanga nauli na nani anaweza kuibadilisha? Nikifungiwa nalalamika wapi, na kwa mtu au kwa mashine? Nikianguka bima inalipa nini? Nikitaka kutoka, natoka vipi? Majibu yawe kwa maandishi.

6. Unganeni. Dereva mmoja hasikiki. Sacco ya madereva inaweza kununua tairi na bima kwa bei ya pamoja, na inaweza kuzungumza na kampuni ana kwa ana.

7. Kanuni mpya zikiandaliwa, wananchi wana haki ya kutoa maoni, Bungeni na katika bunge la kaunti. Usingoje mkutano wa mjini ambao huna nauli ya kufika. Andikeni barua ya kikundi, ukurasa mmoja, na hesabu ya siku moja ndani yake. Katibu wa kamati anaweza kusahau malalamiko, lakini hesabu iliyoandikwa vizuri ni vigumu kuipuuza.

MCHEZO WA KUIGIZA (dakika ishirini)

Chagueni watu watano: mwenye kampuni ya apu, dereva wa apu mwenye mkopo, dereva wa teksi ya njano, mama anayehitaji gari usiku, na ofisa wa serikali. Ofisa ameita mkutano ili kuweka nauli. Kila mmoja aseme anachotaka na sababu yake. Baada ya dakika kumi wabadilishane: dereva awe mwenye kampuni, mama awe ofisa. Mara nyingi tumeona kelele zinapungua mtu akikaa kwenye kiti cha mwenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nani alikosa zaidi katika kisa chetu: kijana, kikundi, kampuni, au sisi tuliojaza fomu?
2. Je, hapa kwetu kuna biashara ambayo anayepanga bei si yule anayelipa gharama? Fikirini juu ya maziwa, majani chai, mahindi.
3. Abiria maskini anafurahia nauli ya chini, dereva maskini anaumia. Tufanye nini mmoja asipone kwa kumwua mwingine?
4. Steji yetu ya boda boda inamtendeaje kijana mgeni?
5. Katika daftari letu, kuna mkopo gani ambao hatukuupigia hesabu ya matumizi?

MWISHO

Mtauliza kijana alifikia wapi. Gari liliuzwa, na waliomkopesha gari walilipwa kwanza, kama kawaida. Kikundi kilikubali kumwongezea muda bila riba mpya. Sasa anaendesha gari la mtu mwingine kwa mshahara na anarudisha 2,000 kila mwezi. Hadi tunapoandika somo hili bado anadaiwa 64,000. Mama yake amerudi mikutanoni. Siku aliyorudi hakuna aliyesema neno juu ya ulevi. Mwekahazina alimpa kiti na kufungua daftari.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzetu wa mjini wanahitaji kanuni za haki, na sisi tuwasaidie kuzidai. Lakini kabla kanuni hazijafika, hesabu iko mikononi mwenu. Anzeni nayo mkutano ujao, na mtuandikie mlichokiona.